Mwashi Aliyehamisha Meko

Nyumba ya Anthelme Grosperrin ni ya mwisho upande wa bondeni, pale lami yetu ya Orsevaux inapokwisha na mashimo ya Fontigny yanapoanza. Mpaka wa miji hii miwili unapita kwenye kiwanja chake, na tangu utoto wake watu walimtania kwamba anakula Orsevaux na kwenda haja Fontigny, kwa kuwa choo cha zamani kilikuwa nyuma ya nyumba.

"Fontigny nimewapa wanachostahili," alikuwa akijibu.

Alikuwa mwashi. Alishika mwiko akiwa na miaka kumi na minne, akauweka chini akiwa na sitini na mitatu, magoti yalipokataa ngazi. Matao ya banda letu la zamani la kufulia nguo pale chemchemini aliyarudishia yeye, jiwe kwa jiwe. Ukuta wa makaburi ni wake, na dohani karibu nusu ya mji. Hakuchonga jina lake popote. Siku moja nilimwuliza anajuaje kazi yake na ya wengine, akasema ule ukuta wa shule ulioanguka mwaka juzi haukuwa wake.

Lakini kwetu sisi Anthelme alikuwa zaidi ya mwashi. Alikuwa mdhamini wa kuni, mmoja wa watatu, kwa miaka thelathini na minne.

Msitu wetu ni mali ya mji. Kila vuli sehemu moja hutolewa ikatwe, wadhamini huigawa mafungu, kila fungu hutiwa namba ya rangi nyekundu kwenye magome, kisha namba huingizwa kwenye kofia na watu hupiga kura. Nyumba moja, fungu moja. Na nyumba, kwa sheria yetu ya kale, ni meko. Haijalishi umelala wapi, wala barua zako zinafika wapi. Meko yako ikiwa ndani ya mpaka, una kuni. Ikiwa nje, huna. Fontigny hawana mgao kabisa. Msitu wao waliuza enzi za mababu wakanunua saa ya kanisa, na mpaka leo saa hiyo haijawahi kukubaliana na jua.

Anthelme aligawa msitu polepole. Alikuwa anasimama mbele ya mwaloni, anaweka kiganja kwenye gome kama mtu anayempima mtoto homa, anatazama mteremko, anahesabu jasho la kuzishusha kuni hadi barabarani. Fungu la mteremko mkali aliliongezea magogo. Na wadhamini walichukua kura za mwisho, ili mgawaji asijigawie. Hakuna aliyewahi kumshuku. Wengi walimkasirikia, hilo ni jambo jingine, maana alifuta watu kwenye orodha bila kupepesa macho: mawakili wawili wa Paris waliokuja Jumamosi na kuondoka Jumapili, mjukuu wa meya wa zamani aliyeziba meko yake akaweka televisheni.

Mimi nilirudi kutoka chuo kikuu cha Besançon nikiwa na shahada ya historia na hasira nyingi. Ilinichoma kuona wakubwa wanatuma fedha za kibao cha shaba cha kuandika "urithi", huku paa la jengo lenyewe likivuja. Nikagombea baraza la mji, nikachaguliwa, nikiwa mdogo kuliko wote. Nikasema nitaorodhesha kila kitu: madaraja, misalaba ya njia panda, visima, na mawe ya mpaka. Mawe hayo yaliwekwa zamani, Fontigny ilipokuwa mali ya watawa. Upande wetu yamechongwa shoka, upande wao ufunguo. Yalipaswa kuwa ishirini na mawili. Nilipata ishirini na moja. La kumi na saba halikuonekana, na watu walikuwa wamezoea kuvuta mstari moja kwa moja kutoka la kumi na sita, kando ya daraja, hadi la kumi na nane, konani mwa shamba la Léonce wa Fontigny. Mstari huo ulipita nyuma ya nyumba ya Anthelme.

Mwanzoni mwa Septemba nilimwendea.

"Mzee Anthelme, ramani ya zamani inaonyesha jiwe katika kiwanja chako."

"Ramani inaonyesha na sungura?"

"Sungura hapana."

"Basi tuanze kwao, ndio wageni."

Tukahamisha sungura sita, tukasukuma banda lao lililokuwa juu ya mahali penyewe, nikachimba. Koleo likagonga kitu kabla sijatoka jasho. Nilipiga kelele kama aliyepata dhahabu. Shoka lilionekana wazi, na upande wa pili ufunguo, umejaa udongo. Nilitaka kupiga picha, nilitaka kumpigia simu meya, nilitaka Septemba hiyo hiyo watu wote wa mkoa waje walione.

Anthelme alipiga goti moja, kwa taabu, akaingiza mkono chini ya jiwe na kupapasa. Akatoa vipande viwili vya kigae. Akavipangusa kwenye suruali, akavisogeza. Vikashikana bila hata nafasi ya unywele.

"Mashahidi," akasema. "Waliosimika jiwe walivunja kigae kimoja, wakazika vipande chini yake. Jiwe likihamishwa na mwizi wa ardhi, mashahidi hawafuatani nalo. Hili halijahama, msomi. Limekaa pale pale lilipozaliwa."

"Vizuri sana!"

"Ndiyo. Nipe uzi wangu, uko msumarini pale ghalani."

Ndipo nilipoanza kuelewa. Jiwe la kumi na saba halikuwa kwenye mstari ulionyooka. Lilikuwa ndani zaidi, limebana ukuta wa nyumba, kwa hiyo mpaka ulikuwa na kiwiko. Nilishika ncha moja ya uzi kwenye jiwe la kumi na sita. Anthelme aliipitisha ncha nyingine kwa dirisha la jikoni, akaitoa kwa mlango wa nyuma, akaifunga kwenye jiwe tulilolichimbua. Kisha tukaingia ndani kutazama.

Uzi ulikigawa chumba cha jikoni pande mbili. Meza na kabati vilikuwa Orsevaux. Meko, meko ya mababu zake, yenye bamba la chuma nyuma ya moto na masizi ya miaka mia mbili, ilikuwa Fontigny.

Nje sungura mmoja alikuwa ametoroka na kuanza kula kabichi.

"Tufukie," nikasema. "Mzee, tulifukie jiwe. Mimi sijaona kitu."

"Umesoma miaka mingapi huko Besançon?"

"Mitano."

"Miaka mitano wakakufundisha kufukia?"

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa meya. Huguette Faivre ni meya wetu mchana. Asubuhi na jioni ana ng'ombe sitini wa maziwa. Hakumkaribisha ofisini. Alikuja naye hadi nyumba ya bondeni, nilipokuwa nikiwasubiri, kwa mabuti yake ya zizini, akautazama uzi, akavua kofia. Anthelme akapakua uji mzito wa mahindi ya kukaanga, ule tunaokula na maziwa baridi juu, tukala watatu huku uzi ukipita juu ya mabakuli.

"Anthelme," Huguette akasema, "tuongee kama watu wazima. Jiwe lilikuwa limelala. Nani alilalamika? Hakuna. Orodha ya meko inasomwa sikukuu ya Martini Mtakatifu. Jina lako limekuwamo tangu ulipooa, na la baba yako kabla yako. Litaendelea kuwamo."

"Kwa sheria ipi?"

"Kwa sheria ya kwamba mimi ndiye meya na sina muda."

"Fernand atakubali?"

Fernand Cuenot ni mdhamini wa pili, mkata miti mstaafu, mtu ambaye ukimwambia leo ni Jumatatu hutazama kalenda. Wa tatu alikuwa amefariki mwaka ule na nafasi yake ilikuwa bado tupu.

"Fernand nitamweza," Huguette akasema.

"Na Célestin utamweza?"

Huguette akaweka kijiko chini.

Célestin alikuwa mdogo wake Anthelme. Miaka thelathini na minne iliyopita alijenga nyumba ng'ambo kidogo ya daraja, na aliyemjengea meko ni Anthelme mwenyewe, kwa mkono wake, bila malipo. Mwaka huo huo Anthelme akachaguliwa mdhamini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima nyumba mpya. Alivuta uzi, na meko ya ndugu yake ikaangukia nje kwa mita tatu kasoro. Akaifuta. Célestin alikuja juu kwenye ukumbi wa mji, mbele ya watu wote, akasema, "Wewe ndiye uliyeijenga!" Anthelme akajibu, "Ndiyo maana najua ilipo." Tangu siku hiyo ndugu hao walipeana mikono mazishini tu. Na miaka minne iliyopita mazishi yalikuwa ya Célestin. Mjane wake, Noëlle, bado anakaa katika nyumba ile. Meko yake imezibwa kwa ubao. Anapasha nyumba kwa mafuta, na mafuta yakipanda bei anavaa koti ndani.

"Sheria ni msumeno, Huguette," Anthelme akasema. "Ulimkata yeye ukienda. Ukirudi hauwezi kunirukia mimi."

"Basi utafanya nini? Uhame?"

Anthelme akageuza kichwa akatazama ukuta wa upande wa barabara, lilipokuwa kabati la nguo la marehemu mkewe, Zélie. Akautazama muda mrefu, kama anavyotazama mialoni.

"Meko ndiyo itakayohama," akasema.

Alikuwa na miaka sabini na saba, na siku sitini na mbili tu kabla ya sikukuu.

Habari haikukawia kuvuka mpaka. Léonce wa Fontigny, ambaye shamba lake linapakana na bustani, alikuja na trekta, akazima injini kabisa ili asikike vizuri.

"Karibu nyumbani, ndugu raia! Tumesikia umezaliwa upya kwetu!"

"Nenda zako, chura we," Anthelme akajibu, kwa jina tunalowaita watu wa Fontigny.

"Chura na wewe sasa! Tutakuletea fomu za kodi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, eh, Anthelme?"

"Léonce, kisima chako kiko wapi?"

"Pale kwenye kona. Kwa nini?"

"Hebu kaa pale pale, nakuja na uzi wangu."

Léonce akawasha trekta.

Kazi ilianza kwa kubomoa, na hiyo ndiyo sehemu niliyoiogopa. Mimi mwenye orodha ya urithi, nilisimama nikiona meko ya kale inavunjwa kwa sababu ya jiwe nililolifukua mimi. Nilimwambia hivyo. Akanipa chaki.

"Andika namba."

Kila jiwe likapata namba yake kabla ya kung'oka. Kizingiti cha mbele kilikuwa namba moja. Kilichukua asubuhi nzima. Yeye alikaa kwenye kiti cha majani katikati ya jiko, timazi mkononi, akiniambia jiwe lipi limelala vibaya na lipi linataka kuamshwa polepole. Alipochoka na maelezo alisimama akafanya mwenyewe, na baadaye usingizi ukamchukua pale pale kitini, mikono imejaa vumbi.

Kabati la Zélie tulilihamishia chumbani. Ndani yake bado kulikuwa na mashuka aliyoyakunja yeye. Anthelme hakuruhusu yatolewe. Tulilisukuma na mashuka yake.

Nilidhani tungejenga kwa chokaa. Alinicheka.

"Chokaa inataka wiki nyingi ndipo ionje moto. Ukiiharakisha inapasuka. Udongo, kijana. Udongo wa mfinyanzi wa kule machimboni, uchanganye na majani ya ngano yaliyokatwakatwa. Udongo ukiona moto unafurahi."

Bamba la chuma lilikuwa na kilo mia kasoro kidogo. Hatukuliweza. Siku ya tatu ya kujaribu, Fernand Cuenot akaingia bila kubisha, na magogo matatu ya mviringo begani. Akayatandaza sakafuni, tukalilaza bamba juu yake, akalisukuma kwa mguu kama gari la mtoto hadi ukutani.

"Asante, Fernand," Anthelme akasema.

"Nimekuja kumsaidia jirani. Mdhamini yuko nyumbani, hajaona kitu."

"Mwambie mdhamini kahawa iko tayari."

"Mdhamini hanywi kwa mtu mwenye kesi."

Lakini jirani alikunywa vikombe viwili.

Siku mbili kabla ya sikukuu tuliwasha kwa majaribio, na moshi wote ukarudi ndani. Tulitoka nje tukikohoa, machozi yanatutoka. Anthelme aliegemea ukuta, akatazama juu ya paa. Upande huu wa nyumba, dohani mpya ilikuwa chini ya kilele cha paa, na upepo wa bondeni ulikuwa ukiuminya moshi na kuurudisha. Kwa mara ya kwanza niliona mashaka usoni mwake.

"Nimejenga dohani sabini," akasema polepole. "Sabini. Na yangu mwenyewe nimeipima kama mwanagenzi."

"Inataka nini?"

"Safu nne zaidi. Tano. Na mimi ngazi siiwezi."

Nikapanda mimi, nimefungwa kamba kiunoni, huku akifoka kutoka chini. "Kushoto! Kushoto kwako, si kwa mke wa jirani! Usilipake tofali kama mkate, lipake kama unalidai!" Siku nzima. Jioni safu ya tano ilikaa, na pima-maji ilisema imenyooka kiasi cha kusamehewa. Kesho yake aliiacha ipigwe na jua. "Asubuhi ya sikukuu nitawasha mwenyewe," akasema. "Peke yangu. Kama haitavuta, sitaki mashahidi."

Sikukuu ya Martini Mtakatifu kwetu ni siku pia ya kukumbuka waliokufa vitani. Saa tano kamili mji mzima husimama mbele ya mnara wa majina, kisha huenda ukumbini kunywa divai, na kabla ya saa sita orodha ya meko husomwa na kubandikwa mlangoni. Ikibandikwa imebandikwa mpaka mwaka ujao.

Mimi nilishika bendera. Huguette, amevaa utepe wake wa rangi tatu juu ya koti la majira ya baridi, alisoma majina thelathini na moja, na kila jina watoto wa shule wakajibu kwamba alikufa kwa ajili ya nchi. Katika majina hayo Grosperrin ni wawili. Kisha ukaja ule muda wa kunyamaza.

Watu huinamisha vichwa wakati huo. Mwaka ule hawakuinamisha. Kutoka mnarani bonde lote linaonekana, na macho ya watu mia moja yalikuwa yametua juu ya paa moja. Dohani ya zamani haikuwapo tena. Dohani mpya ilisimama, nyekundu, na juu yake hakuna kitu. Hata uzi mmoja wa moshi. Niliona Huguette akitazama saa yake na kuacha dakika ipite, akaacha na ya pili ipite. Sijui kama waliokufa walilalamika.

Kisha kitu cheupe kikatokea juu ya matofali. Kikasita. Kikajikunja kama kinachotaka kurudi ndani.

"Ukungu," Fernand akanong'ona nyuma yangu.

Kikapanda. Kikapanda wima, kikawa kinene, kikapita kilele cha paa, na upepo ulipokikuta kilikuwa juu mno kwa upepo kukifanya lolote.

"Ukungu gani huo unaonuka kuni?" mwanamke mmoja akasema, na Huguette akafunga sherehe kwa sauti iliyokwaruza.

Fernand hakuridhika. Mdhamini huona moto kwa macho. Tukateremka kwa gari la meya, Fernand akiwa nyuma pamoja na ndoo za maziwa. Aliingia, akamsalimu Anthelme kwa jina la ukoo kama mtu wa kesi, akavuta uzi kutoka jiwe hadi jiwe, akapima. Meko ilikuwa ndani ya Orsevaux kwa mita moja na kiganja. Akainama, akatia uso karibu na moto, akagusa bamba la chuma na kuurudisha mkono haraka.

"Moto ni moto," akasema. "Vaa koti, Anthelme. Tutachelewa."

Ukumbi ulikuwa umejaa, divai imekwisha kumiminwa. Huguette alisoma majina kwa mpangilio wa barabara, na alipofika bondeni akasoma, "Grosperrin, Anthelme, meko moja," sauti ile ile aliyotumia kwa wote. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja akalia mlio wa chura, wakacheka. Alipomaliza aliuliza, kama desturi inavyotaka, kama kuna mwenye pingamizi.

"Ninayo," Anthelme akasema.

Kicheko kikazidi. "Unajipinga mwenyewe?" wakamwuliza. Yeye alishika mgongo wa kiti akasubiri wanyamaze.

"Kuna meko haimo. Ya Célestin Grosperrin."

Noëlle hakuwapo, hajawahi kuja tangu ile siku.

"Wewe ndiye uliyeifuta," Fernand akasema, bila ukali. "Mita tatu kasoro. Imeandikwa."

"Niliifuta. Na nilipima sawasawa, sijutii uzi wangu. Lakini wakati ule mita tatu zilikuwa namba. Sasa nimezibeba, Fernand. Nimezibeba jiwe kwa jiwe siku sitini, nikiwa na kijana wa kunisaidia na wewe wa kusukuma. Noëlle ana miaka themanini. Tumwambie naye abebe?" Akavuta pumzi. "Sikusema kabla ya leo kwa sababu leo asubuhi nilikuwa nje ya orodha, na mtu aliye nje akiomba mlango upanuliwe, anajiombea. Sasa niko ndani. Nataka baraza lipige kura: meko iliyojengwa kwa kuamini iko kwetu, ikakosea kwa urefu wa chumba kimoja, ihesabiwe kwetu. Mbele ya kila mtu, kwa maandishi. Si kwa kufukia."

Wajumbe wa baraza tulikuwa tisa pamoja na meya. Mikono ikapanda; wangu ulikuwa wa kwanza na nadhani niliurusha. Sita wakakubali, wawili wakakataa, wakisema mpaka ukianza kunyumbuka hautasimama tena, nami nawaheshimu kwa kulisema wazi. Mmoja alijizuia kupiga kura. Huguette akaandika chini ya orodha kwa kalamu, akabandika karatasi mlangoni saa sita ikigonga.

Fernand hakuwa mjumbe wa baraza, hakuwa na kura. Alikuwa amekaa anahesabu kwa vidole.

"Bwana wee," akasema, "mafungu tumegawa thelathini na tisa. Yamekwisha kutiwa rangi yote. Yakiwa arobaini, hakuna hata moja linalobaki lilivyo."

"Hapana," Anthelme akakubali. "Hata moja."

"Ni kukwangua magome yote na kuanza upya. Mteremko mzima ule."

"Siku mbili."

"Tatu. Na magoti yako."

"Basi mnywe divai yenu upesi," Anthelme akasema, na tayari alikuwa anatafuta kofia yake, "mchana wenyewe Novemba ni mfupi."

Tukatoka watatu. Mimi nilibeba kopo la rangi na msasa wa kukwangulia. Njiani kuelekea msituni walibishana kuhusu mwaloni mmoja mkubwa kama uhesabiwe fungu au nusu fungu, na walikuwa bado wanabishana tulipofika chini yake, Anthelme ameshaweka kiganja kwenye gome.